Ngurumo ya Kwanza: Jinsi ya Kuwakinga Wanafunzi na Radi Shuleni

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi wilayani Sengerema, upande wa ziwani. Haya namwandikia mwalimu mwenzangu aliye zamu, kwa sababu siku radi inapokuja, neno lake ndilo linalowafikia watoto kwanza. Mwalimu mkuu anaweza kuwa kwenye kikao halmashauri, wazazi wako shambani, na watoto mia kadhaa wametapakaa uwanjani huku wingu limeshasimama.

Tukubaliane mapema kwamba ishara ya hatari ni ngurumo, si mvua. Mtoto akiona wingu jeusi anaendelea kucheza. Matone yakianza ndipo anakimbia, na anakimbilia mti ulio karibu, mahali pabaya kuliko hata pale alipokuwa. Radi haina haja ya kusubiri mvua. Inaweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka pale inaponyesha, mahali ambapo jua bado linawaka. Ngurumo husikika hadi umbali wa takriban kilomita 15, kwa hiyo ukiisikia, hata kama ni ya chini na ya mbali, shule yako imeshaingia katika eneo ambalo radi inaweza kufika. Usianze kubishana na nafsi yako kama wingu linakuja huku au linakwenda Ukerewe. Watoto waingie ndani.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya ziada ya kuwa wakali katika hili. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu hupanda na mawingu makubwa hujengeka, na radi hupiga majini hadi alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo kwa macho yao. Mchana mambo hugeuka: upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu, na mawingu hujijenga juu yetu kuanzia saa saba, saa nane, wakati ule ule ambao watoto wako uwanjani kwa michezo au wameanza kurudi nyumbani.

Januari 2025, katika Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita, radi iliua wanafunzi saba na kujeruhi wengine 82. Oktoba 2018, Geita hiyo hiyo, wanafunzi sita wa shule ya msingi walikufa kwa radi. Wenzetu wa Uganda walizika wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo, Juni 2011. Hizo ni siku za shule za kawaida, zilizoanza kwa kufagia uwanja na kuimba wimbo wa taifa.

Anza kabla mawingu hayajaja

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri kila siku, na ikiona hatari hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari, halafu tahadhari kubwa. Mwalimu wa zamu ausome asubuhi kabla ya mstarini. Kama mkoa wako umetajwa, sema pale pale mstarini: leo mchana tukisikia ngurumo hakuna michezo, na kila darasa linakwenda mahali lilipopangiwa. Watoto wakishaambiwa asubuhi hawabishi mchana.

Sasa kuhusu huko mahali palipopangwa. Majengo hayalingani. Lililo bora ni jengo kubwa la kudumu lenye mtego wa radi, yaani vyuma na nyaya za kuishusha radi ardhini, uliofungwa vizuri. Likikosekana, linafuata jengo lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ndani ya kuta, kwa sababu umeme wa radi hupata njia ya kuteremka ardhini bila kupita kwa watu, ilimradi watu wasiguse nyaya wala mabomba hayo. Gari lenye bodi na paa la chuma, vioo vimepandishwa, ni kimbilio zuri pia. Kama daladala au basi la shule limeegeshwa hapo, lijaze watoto wadogo bila kusita. Kinachosaidia ni bodi la chuma linaloupitisha umeme nje, si matairi ya mpira. Pikipiki na bajaji hazimkingi mtu.

Banda la jiko la shule lililoezekwa nyasi au bati kuukuu, kibanda cha mlinzi, vyoo vya shimo vilivyo pembeni, kivuli cha turubai kwenye sherehe, hivi vyote humkinga mtu na mvua na kumwacha wazi kwa radi. Wapishi wetu husahaulika sana. Mwalimu wa zamu amtume mtu mapema: "Mama, acha uji, njoo ndani." Uji ukiungua utapikwa mwingine.

Kengele, bendera na majembe

Zunguka shule yako siku ya jua, ukitazama kila kitu kwa jicho la radi. Nakuambia uanzie kwenye kengele.

Shule nyingi za huku kengele ni ringi kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, pamoja na kipande cha nondo cha kugongea. Wazia basi wingu limefika, mwalimu anataka watoto waingie ndani, anamwambia kiranja: "Kimbia kagonge kengele." Mtoto yule anakwenda kusimama chini ya mti mrefu kuliko yote uwanjani, ameshika nondo mkononi, anagonga chuma kilichofungwa kwenye tawi. Hakuna mahali pengine katika eneo la shule penye hatari kuliko hapo, na ni sisi tuliomtuma. Nunua filimbi. Mwalimu wa zamu aivae shingoni msimu wote wa vuli na masika, na mfumo uwe mmoja unaojulikana hadi kwa mtoto wa darasa la awali: mlio mrefu mara tatu maana yake ni ndani, sasa hivi, acha ulichoshika.

La pili ni bendera. Vijana wetu wana heshima kubwa kwa bendera ya taifa, na mvua ikianza wale wa skauti hukimbia kuishusha isilowe. Mlingoti ni bomba la chuma lililosimama peke yake katikati ya uwanja. Waambie waziwazi, mbele ya wote, ili asiyekwenda asionekane mwoga: ngurumo ikisikika, bendera inabaki juu, na anayeikimbilia anavunja amri. Italowa na itakauka.

Halafu kuna majembe, makwanja na ndoo za siku za kazi. Mtoto akisikia filimbi huwa hataki kuacha jembe la nyumbani kwao, anaogopa kuchapwa likipotea. Lisemee jambo hili kwenye mkutano wa wazazi, kwa upole: "Ndugu wazazi, jembe likibaki shambani siku ya radi ni amri ya shule, mtoto asiadhibiwe." Mtoto akijua nyumbani wameambiwa, analitupa na kukimbia.

Ndani ya darasa

Kusema kweli, darasa letu la kawaida, tofali na bati, bila umeme wala mabomba, halimalizi hatari. Linapunguza tu, na namna mtakavyokaa inaongeza usalama.

Watu wengi wanaouawa na radi hawapigwi moja kwa moja. Radi ikipiga mti au kona ya jengo, umeme husambaa ardhini kila upande, ukapanda mguu mmoja wa mtu na kushukia mwingine. Ndiyo maana pigo moja huangusha darasa zima, na ndiyo maana ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja. Njia nyingine ni ile ya umeme kuruka kutoka kwenye kitu kilichopigwa kwenda kwa mtu aliye jirani, au mtu kuwa ameshika chuma kilichopata umeme.

Kwa hiyo watoe watoto ukutani. Wasiegemee nondo za madirisha, wala wasisongamane mlangoni kutazama mvua, kwani mlango wa chuma na kizingiti chake ndipo wanapopenda kukaa. Wakae kwenye madawati katikati ya chumba, miguu pamoja, na kama dawati lina ubao wa kuwekea miguu wautumie. Wasilale sakafuni na wasishikane mikono. Najua watoto wa darasa la kwanza wakiogopa hukumbatiana. Usiwafokee. Kaa nao karibu, anzisha wimbo, waambie kila mmoja apige makofi, maana mikono inayopiga makofi haishiki ya jirani.

Chomoa redio, kompyuta na chaja za simu kabla wingu halijafika, siyo wakati radi inapiga. Kama mna sola, waya unaotoka kwenye paneli juu ya bati hadi ofisini ni njia ya umeme kama nyingine, usiuguse. Simu ya mkononi isiyo kwenye chaji haivuti radi, na mwalimu anaweza kupiga simu ya msaada akiwa ndani bila hofu. Ndala na raba hazimkingi mtu. Mwanafunzi wangu mmoja alinyanyua mkono katikati ya ngurumo akauliza: "Mwalimu, nivue sweta? Nyekundu hii." Nikamjibu kwamba radi haichagui rangi, avae asipate baridi, ila asogee mbali na dirisha. Vioo navyo havina haja ya kufunikwa kwa khanga. Muda wa kufunika vioo ni afadhali uutumie kuhesabu watoto.

Mvua kubwa ikipiga kwenye bati hakuna anayesikia kitu, hata ngurumo, kwa hiyo tumia macho pia. Chukua chaki, andika ubaoni saa ya ngurumo au mmweko wa mwisho. Saa nane na dakika ishirini. Ukija mwingine, futa, andika upya. Hakuna kutoka hadi nusu saa nzima ipite tangu ule wa mwisho uliouandika. Watoto wakiona saa imeandikwa ubaoni wanatulia, na mzazi aliyekuja na mwavuli kumchukua mwanawe unamwonyesha pale pale: "Mzee wangu, karibu ndani, bado dakika kumi na tano." Wengi wanakufa mwisho wa mvua, matone yamepungua na kila mtu amechoka kusubiri. Nusu saa hiyo usiipunguze kwa sababu ya mtu yeyote, awe diwani au mkaguzi.

Upepo mkali ni suala jingine. Bati likianza kunyanyuka, watoto waingie chini ya madawati, mbali na madirisha na mbali na ukuta unaopigwa na upepo. Kati ya bati lililokwisha kung'oka na radi, hatari ya bati ni ya sasa hivi, kwa hiyo jilinde nalo kwanza.

Njiani

Watoto wetu wanatembea mwendo mrefu. Kama ngurumo inasikika saa ya kutoka, hawatoki, hata kama giza linaingia. Mpigieni mwenyekiti wa kijiji awatangazie wazazi.

Aliyekutwa njiani hana mahali salama kabisa porini, na hilo watoto waambiwe wazi. Aendelee kwenda haraka kuelekea nyumba ya kudumu au gari, bila kusimama chini ya mti. Ashuke kutoka kilimani au juu ya mwamba, aachane na uzio wa waya, atoke majini na kwenye mtumbwi. Wakiwa kundi, waachane hatua ishirini au zaidi, ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia.

Na mto uliofurika hauvukwi, si kwa mguu wala kwa gari. Aprili 2024 jijini Arusha, eneo la Muriet, gari la shule lilisombwa na maji korongoni na watoto wakapoteza maisha. Dereva akisema "napita tu, nayajua haya maji", mwalimu ana haki ya kuwashusha watoto.

Mtoto akipigwa

Sehemu hii naomba uisome mara mbili, kisha uifundishe kwa walimu wote na wapishi na mlinzi.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse, mbebe, mshike. Watu wamekufa huku wenzao wamewazunguka wakiogopa kuwagusa.

Wakianguka wengi kwa pamoja, macho yako yatavutwa na wale wanaolia. Wanaolia wanapumua, wanaweza kusubiri. Mwendee aliyenyamaza. Katika ajali nyingine asiyepumua huachwa mwisho. Kwenye radi ndiye wa kwanza, kwa sababu pigo husimamisha moyo na pumzi kwa ghafla kwa mtu ambaye mwili wake vinginevyo ni mzima. Mara nyingi moyo hurudi wenyewe, lakini pumzi hukawia, na mtoto anakufa kwa kukosa hewa wakati moyo wake ulikuwa tayari kuendelea.

Mtikise, mwite jina. Kama hajibu na kifua hakipandi, mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu hadi kiingie theluthi moja ya unene wake, achia, rudia, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mbili mdomoni ukitazama kifua kipande. Endelea. Ukichoka, mwenzako apokee bila kupisha muda. Usiache kwa sababu mtu amesema "huyo ameshakwenda". Kama radi bado inapiga na mko uwanjani, mbebeni kwanza ndani, ni sekunde chache tu.

Wakati huo mwingine anapiga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya polisi, na mwingine anatafuta gari. Wapangeni watu hawa leo, kwa majina.

Usiogope ukiona mtoto yuko macho lakini miguu imepooza, imekuwa ya baridi na rangi imebadilika. Hali hiyo mara nyingi huachia ndani ya saa chache. Wengine watakuwa hawasikii, maana ngoma ya sikio imepasuka, au hawakumbuki kilichotokea. Wote waliokuwa karibu wapelekwe kituo cha afya au hospitali, hata yule anayesema hajambo.

Baada ya hapo yataanza maneno ya radi ya kutumwa. Nawaheshimu wazee wangu, lakini hapa sinyamazi. Katika ukanda huu wetu bibi na babu wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mwalimu anayewaeleza watoto jinsi chaji zinavyotengana ndani ya wingu, barafu ndogo na kubwa zikisuguana, na jinsi umeme unavyotafuta njia ya kufika ardhini, anawakinga watoto wake, na anamkinga bibi wa jirani anayeishi peke yake.

Mtego wa radi

Jina hilo linawafanya wengine waamini kwamba ukiweka chuma kimoja juu ya paa, radi itanaswa kama panya. Kazi ya mtego ni kuipokea radi na kuishusha ardhini kwa njia isiyopita kwa watu, na unahitaji sehemu tatu zilizokamilika: vyuma vya kupokelea juu ya paa, nyaya nene za kuteremshia, angalau mbili katika pande tofauti za jengo, na nondo zilizochimbiwa ardhini. Ikikosekana moja, mmejenga hatari mpya.

Sehemu inayoharibika sana huku kwetu ni ya ardhini. Udongo wa Mwanza na Geita una miamba, na fundi akikutana na jiwe hukata nondo akafukia kipande. Usikubali. Aongeze nondo nyingine pembeni, au achimbe mtaro na kulaza waya mrefu chini ya udongo, kisha apime kwa kifaa mbele yako. Anachopima ni ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita, na kipimo kinachotakiwa ni omu 10 au chini yake. Kama hana kifaa cha kupimia, mwambie kwa heshima akakitafute kabla hajalipwa, na wajumbe wa kamati ya shule wawepo siku ya kipimo.

Waya wa kuteremshia usipite kando ya mlango wala benchi wanapokaa watoto. Pale unapoingia ardhini pawe na alama, na watoto wakae mita tatu au zaidi kutoka hapo wakati wa ngurumo. Shaba inaibwa, hilo linajulikana kila kata. Kwa sehemu ya juu mnaweza kukubaliana na fundi kutumia alumini, au chuma kilichopakwa zinki, ambavyo bei yake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ni ndogo kuliko ya shaba, na kiungo cha chini kifukiwe kabisa.

Kila Septemba, kabla ya vuli, mwalimu wa zamu na fundi wapite jengo kwa jengo, wakifuata waya kwa mkono kutoka kwenye paa hadi ardhini. Pakikutwa umekatwa au kiungo kimeoza kwa kutu, andikeni kwenye kitabu cha zamu, mwambieni mwalimu mkuu na mtendaji wa kata siku hiyo hiyo, na hadi utengenezwe, jengo hilo lihesabiwe halina mtego. Watoto wake wapangiwe jengo jingine, na watangaziwe mstarini kesho yake asubuhi.